Lita siyo kilo: kutatua matatizo ya kupima mchele kabla hujabandika sufuria

Juzi Jumamosi mchana mdogo wangu kanipigia simu kutoka Uyole, alikuwa anapika kwenye sendoff ya binti wa shangazi, na sauti yake tu ilinitosha kujua jikoni kumeharibika. "Dada, wali umekuwa bokoboko, alafu naona kama hautatosha watu." Nikamuuliza kitu kimoja kabla ya vyote, mchele umeupimaje? Akasema, "Nusu ndoo, ile ya lita 20, si ndo kilo 10? Watu 80. Maji nikazidisha mara mbili, nikaweka lita 20."

Basi hapo matatizo yote mawili yalikuwa yameshajieleza. Ndoo ya lita 20 ukiijaza maji ina kilo 20, hiyo ni kweli, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Mchele siyo maji. Kati ya punje na punje kuna hewa, kwahiyo lita moja ya mchele mkavu inakuja kama gramu 780 mpaka 850, inategemea ni mchele gani na umeujazaje. Nusu ndoo yake ilikuwa na kilo 8 na siyo 10. Alipiga hesabu ya kilo moja watu 8, kwahiyo mchele aliokuwa nao ulikuwa wa watu 64, watu 16 hawana sahani. Na hizo lita 20 za maji juu ya kilo 8, kwenye sufuria kubwa lenye mfuniko uliokaa vizuri, zilikuwa nyingi kama lita 5 hivi, lazima wali uvurugike tu.

Mimi napika kwenye shughuli hapa Mbeya, misiba, harusi, ubarikio, na simu za namna hii napata nyingi, na karibu zote ukizifuatilia mpaka mwisho unakuta kosa halikuwa kwenye moto wala kwenye mchele, lilikuwa kwenye kikombe, ndoo au kisado kugeuzwa kuwa kilo bila kupimwa. Kwahiyo naandika hapa dalili moja moja na chanzo chake, we tafuta yako.

Ila kabla ya dalili fanya hiki kitu mara moja tu

Chukua kikombe unachotumia siku zote. Kama una mizani ya jikoni, kiweke juu, rudisha sifuri, jaza maji mpaka ukingoni, soma. Gramu utakazoona ndo ujazo wa kikombe chako kwa mililita, gramu 300 ni mililita 300, kwisha. Mwaga maji, kifute kikauke kabisa, jaza mchele wako ule ule unaoupika, sawazisha juu kwa mgongo wa kisu, soma tena. Hiyo namba ya pili ndo unayoitaka, iandike.

Kama huna mizani nenda dukani kwenye mizani ya digitali, nunua kilo moja kamili ya mchele, rudi nayo nyumbani uihesabu kwa kikombe chako flati. Ikitoka vikombe vinne na kidogo basi gawa 1,000 kwa hiyo hesabu yako, jibu ndo uzito wa kikombe kimoja. Njia hii naipenda kuliko zote maana haihitaji mtu kujua mililita wala nini.

Kwa mchele wangu wa Kyela, ule mrefu mweupe mkavu, kikombe cha mililita 250 kinanipa gramu 195 mpaka 200, yaani kilo moja ni vikombe vitano na tone. Kikombe cha Wamarekani ni kidogo zaidi, kama mililita 240, mchele mrefu unaingia gramu 185, na hicho ndo kikombe kinachotajwa kwenye video nyingi za YouTube. Kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na raiskuka ni mililita 180, unaingia gramu 140 mpaka 150, kilo moja inakuwa kama vikombe saba. Kile kikombe kikubwa cha bati cha chai, cha mililita 300, kinabeba karibu gramu 240. Kijiko cha chakula flati ni gramu 12. Vikombe vinne tofauti, na vyote mtu anaviita "kikombe kimoja", ndo maana ukipewa resipi na jirani muombe akuoneshe na kikombe chenyewe.

"Nimefuata resipi neno kwa neno, wali una kiini"

Hii ndo dalili ninayoletewa zaidi na ina vyanzo vitatu, anza na cha kwanza maana ndo kinachopita wengi.

Watu wanasema kikombe kimoja cha mchele vikombe viwili vya maji. Sawa, hiyo ni kweli kwa vikombe. Sasa mtu ananunua mizani, anafurahi, anapima kilo 1 ya mchele na lita 2 za maji, anaona ni ile ile moja kwa mbili. Siyo ile ile! Kilo 1 ya mchele ukiimimina kwenye jagi inajaza lita 1 na robo. Moja kwa mbili ya vikombe ukiihamisha kwenye mizani inakuwa kilo 1 kwa lita 2 na nusu. Hapo umepunja nusu lita nzima, na nusu lita kwenye kilo moja ni tofauti ya wali ulioiva na wali unaogonga meno. Kwahiyo uwiano wowote ukiusoma uliza kwanza, huu ni wa vikombe au wa mizani? Kama haijaandikwa, na resipi imetaja vikombe mwanzo mwisho, basi ni wa vikombe, ugeuze kwanza.

Chanzo cha pili ni huku tunakoishi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi na siyo 100 kama Dar. Kila ukipanda kama mita 300 nyuzi moja inapungua. Shuka Kyela, ziwani kule ni chini ya mita 500, maji yanachemka nyuzi 98. Panda Njombe au Makete unakuta ni chini hata ya sisi. Maji yako yanaruka povu sufuria lote lakini joto lake ni dogo kuliko la mtu wa pwani, kwahiyo punje inachukua muda mrefu kuiva, na muda wote huo mvuke unaondoka. Mtu akichukua resipi ya shemeji yake wa Tanga, dakika zile zile na maji yale yale, anapata kiini, anamlaumu muuza mchele wa Mwanjelwa bure. Gramu za mchele usiziguse, kilo ya Tanga ni kilo ya Mbeya, unachobadilisha ni maji na muda. Mimi kwa kilo 1 jikoni nyumbani, mkaa wa kawaida, mchele uliokaa ghalani, naweka lita 2 na nusu na sifunui funui hovyo. Ningekuwa Kyela ningetoa kikombe kimoja kidogo cha maji hapo.

Cha tatu ni mchele wa zamani, uliokaa mwaka au zaidi. Umekauka sana, unakunywa maji mengi na unachambuka vizuri, ndo maana wapishi wa pilau wanautafuta, lakini ukiupikia kwa maji ya mchele mpya utabaki na kiini.

Kama wali uko motoni tayari na una kiini, usimwage maji ya baridi. Chemsha kikombe cha maji, nyunyiza juu kote, funika, punguza moto wa chini upalie makaa juu ya mfuniko, uache dakika 10 mpaka 15. Mvuke ndo unamalizia.

"Wali umekuwa bokoboko"

Kama ulifanya alichofanya mdogo wangu, kuita lita kilo, jibu umeshalipata hapo juu. Kama hukufanya hivyo endelea.

Uliloweka? Mchele ukikaa kwenye maji nusu saa unakunywa kama robo ya uzito wake. Kilo 1 ukiichuja inarudi kilo 1 na robo, na ile robo ni maji ambayo tayari yako ndani ya punje. Ukimimina tena lita 2 na nusu yako ya siku zote umeyahesabu mara mbili. Vilevile kuna mtu anaosha kwanza ndo anapima, akiona mizani imeandika kilo 1 anajua ana kilo 1, kumbe ana gramu 800 za mchele na 200 za maji, hapo chakula kinapungua na wali unavurugika siku moja. Pima mkavu. Chagua, peta, pima, ndo uoshe, kwa mpangilio huo.

Mchele mpya? Mwezi wa sita wa saba huku mchele mpya unaanza kumwagika sokoni kutoka Kyela na Usangu, unanukia mpaka jirani anajua umepika, lakini bado una unyevu. Mchele mpya unataka maji pungufu na unashikana haraka. Mimi huo naupa lita 2 kwa kilo. Na unyevu una jambo lingine ambalo watu hawaliangalii, mchele mbichi ni mzito, kwahiyo unaponunua kilo unalipia na maji, punje ni chache kidogo kuliko kilo ya mchele mkavu. Mpunga na mchele unaotakiwa kuhifadhiwa unyevu wake usizidi asilimia 14, ukiuma punje na jino ikapasuka kwa mlio mkavu iko salama, ikibonyea bado.

Chenga? Mchele wenye chenga nyingi unajipanga vizuri ndani ya kikombe, vipande vidogo vinaziba zile nafasi za hewa, kwahiyo kikombe kile kile kinabeba gramu nyingi zaidi, na chenga zinatoa wanga zikivurugika. Ndo maana kikombe ulichokipima kwa supa huwezi kukitumia kwa chenga ukategemea namba ile ile. Na punje fupi nene nayo inajaza kikombe kuliko ndefu, kikombe cha Kimarekani cha mchele mrefu ni gramu 185, cha ule mfupi mnene ni kama 200. Kwa kikombe kimoja hutaona kitu, kwa kilo 15 utaona.

Sufuria kubwa? Hapa naomba tukae kidogo maana hapa ndo shughuli nyingi zinaharibikia. Ukipika kilo 1 maji yanaenda sehemu mbili, mengine yanaingia kwenye punje na mengine yanapaa kama mvuke. Yanayoingia kwenye punje hayabadiliki sana, kila kilo inataka kiasi chake. Yanayopaa hayaangalii kilo, yanaangalia upana wa mdomo wa sufuria, mfuniko na muda. Sufuria la kilo 10 halina mdomo mpana mara kumi ya sufuria la kilo 1, na halikai motoni muda mara kumi. Kwahiyo ukizidisha maji mara kumi unabaki na maji ambayo hayana pa kwenda, yanaingia kwenye wali. Mimi mpaka kilo 2 naenda na lita 2 na nusu kwa kila kilo, nikifika kilo 5 nashuka lita 2 kwa kilo, kuanzia kilo 10 naweka lita 1.8, yaani kilo 10 lita 18. Kama ni pilau ile supu ya nyama ni maji, ihesabu ndani ya hizo 18, wengi wanaisahau, wanamimina maji kamili alafu supu juu.

Ukishaona unavurugika na maji bado yanaonekana, chota kwa upawa yale ya juu, ondoa mkaa wa chini ubakize kidogo, palia juu, acha mfuniko na upenyo mdogo mvuke utoke. Usikoroge, ukikoroga unapasua punje na wanga unatoka zaidi. Kama umeshaiva na umeshikana, utandaze kwenye masinia mapana upoe kidogo, hautachambuka kama unavyotaka lakini utapakulika. Kule Uyole ndo tulichofanya, alafu mama mmoja wa jirani akabandika kilo 3 nyingine haraka haraka, Mungu ambariki.

"Chakula hakikutosha na nina uhakika nilinunua cha kutosha"

Angalia ulinunulia nini. Kisado, kopo, bakuli, debe, hivi vyote ni ujazo.

Kisado, kile cha kopo la rangi la lita 4, watu wengi wanakiita kilo nne. Flati, mchele mrefu, kinabeba kilo 3.1 mpaka 3.2. Ukikitikisa au kukigonga chini punje zinajipanga, kinafika 3.3 au 3.4. Ukiweka kilima juu kinapita 3.5. Kwahiyo kisado kimoja kina uzito wa aina tatu kutegemea na mkono wa anayepima, na mkono wa kupimia wakati unauza siyo mkono wa kupimia wakati unanunua, kila aliyesimama kwenye magunia Igurusi au Kabwe anajua. Alafu angalia kisado chenyewe, kikibonyezwa ubavuni au kitako kikisukumwa juu kimepunguza robo kilo bila mtu kusema neno. Ingiza mkono, papasa kitako. Siyo kumdharau mtu, ni hela yako.

Ndoo ya lita 20 au debe flati ni kama kilo 16. Ikiwa na kilima inafika 17, 18.

Kopo la siagi la nusu kilo ni mtego wa peke yake. Limeandikwa 500 g, mtu analipimia mchele anajua ni nusu kilo. Ile namba ni uzito wa Blue Band iliyokuwemo, siyo wa chochote utakachoweka baadae. Mchele ukijaa humo flati unakuja kwenye gramu 420, 430, zingine kidogo zaidi kutegemea limebaki nafasi kiasi gani juu. Makopo mawili siyo kilo. Makopo 20 siyo kilo 10, umekosa kama kilo moja na nusu. Hivyo hivyo kwa kopo la maziwa ya unga, la kahawa, lolote lile. Ila chupa ya maji ya nusu lita ni nzuri kwa dharura maana imeandikwa ujazo wala siyo uzito, ikauke kabisa, ijaze mchele kwa mrija wa karatasi mpaka mdomoni, unapata gramu 400 na ushee.

Kuna kutokutosha kwingine, au kubaki kwingi kupita kiasi, ambako kunatokana na lugha. Sisi tumebarikiwa, tuna mpunga, tuna mchele, tuna wali, mtoto wa miaka mitatu hachanganyi. Kiingereza vyote vitatu ni neno moja, kwahiyo resipi ikitafsiriwa haraka haraka unakuta "vikombe vitatu vya mchele" wakati mwenyewe alimaanisha wali uliokwisha kuiva, labda ni wali wa kukaanga. Kilo 1 ya mchele inatoa kilo 2 na nusu mpaka 3 za wali, na kikombe kimoja cha mchele kinatoa kama vikombe vitatu vya wali. Ukiweka mchele mahali palipotakiwa wali umepika mara tatu. Dalili yake ni sufuria kufurika huku mboga ni ya watu wanne. Angalia kama resipi inasema ukaange moja kwa moja bila kuweka maji, hiyo ilikuwa wali.

Na kwa mgonjwa wa sukari nyumbani anayepimiwa chakula hili ni la muhimu kweli, akiandikiwa gramu 150 muulize aliyemuandikia ni za mchele au za wali, maana gramu 150 za mchele zikiiva ni zaidi ya 370 za wali, sahani mbili na nusu za ile aliyoruhusiwa.

Hesabu yangu ya watu ni kilo 1 kwa watu 8, yaani gramu 125 za mchele kila mtu, sahani inakuwa na gramu 340 hivi za wali. Kukiwa na ndizi, chapati na viazi pembeni naenda mpaka watu 10. Msibani, watu wametoka makaburini na njaa na baridi ya mwezi wa saba, nahesabu 6 au 7.

"Raiskuka inanipa wali mgumu kila siku"

Hii ni fupi. Ile mistari yenye namba ndani ya sufuria yake imechorwa kwa ajili ya kile kikombe chake kidogo cha mililita 180. Kikipotea, na huwa kinapotea wiki ya kwanza, mtu anachukua kikombe cha chai cha mililita 250, anaweka vitatu, anajaza maji mpaka mstari wa 3. Vikombe vitatu vya chai ni gramu 600, ambayo ni vikombe vinne vya raiskuka. Maji ya vitatu, mchele wa vinne. Pima gramu 150 kwa kila namba ya mstari, jaza maji mpaka mstari huo, na kwa sababu ya huu mwinuko wetu ongeza maji kidogo juu ya mstari. Ikijizima usifungue, iache dakika 10.

"Vitumbua vimekuwa vizito" au "mkate wa kumimina haujashikana"

Mchele na unga wake uzito haubadiliki, ujazo unabadilika. Gramu 400 za mchele ukizisaga ni gramu 400 za unga, lakini kwenye kikombe cha mililita 250 mchele unaingia karibu 200 na unga wa mchele kama 165 tu. Resipi ikisema vikombe viwili vya mchele, uloweke usage, na wewe ukanunua unga tayari ukaweka vikombe viwili, umepungukiwa kama gramu 70, uji utakuwa mwepesi na vitumbua havitashikana. Kinyume chake, resipi ya unga ukaipimia mchele, vinakuwa vizito kama mawe. Pima kwa gramu na hutahangaika. Na kumbuka aliyeloweka usiku kucha tayari ana maji kwenye punje, unga wa dukani hauna, kwahiyo unga wa dukani unataka tui au maziwa zaidi.

"Nilipeleka mpunga debe sita mashineni, mchele uliorudi mdogo"

Usigombane na mwenye mashine kabla hujapiga hesabu. Mpunga una maganda na hewa, debe flati ni kilo 11 au 12 tu, siyo 16 za mchele. Debe sita ni kama kilo 70. Mashine nzuri na mpunga uliokauka vizuri kilo 100 zinatoa mchele kilo 60 mpaka 68, kwahiyo kwenye kilo 70 tegemea 42 mpaka 47. Ukipima kwa debe utaona madebe chini ya matatu, unashtuka, ila ndo yenyewe. Kama umepata chini ya 40 hapo sasa kaulize, na uangalie pumba kama zina vipande vya mchele.

"Mizani yenyewe inanipa namba za ajabu"

Mizani ndogo za digitali zina kitufe cha kubadilisha vipimo, mtoto akikigusa inahamia kwenye aunsi au ratili. Kilo moja ikiandika 2.2 hiyo ni ratili, ikiandika 35 hiyo ni aunsi. Bonyeza mpaka irudi g au kg. Na kwenye majagi ya plastiki kuna aunsi za ujazo, hizo ni kitu kingine kabisa, aunsi 8 za jagi ni mililita 237 za maji, ukiweka mchele humo siyo gramu 227 za mizani, ni 185. Kwenye majagi hayo hayo kuna mistari ya gramu upande wa pili, soma imeandikwa ya nini, nyingi ni za sukari au unga, usizitumie kwa mchele.

Namba zikirukaruka angalia betri, alafu angalia meza, mizani iliyowekwa juu ya kitambaa au ubao uliopinda haisemi kweli. Usizidishe uzito wake, nyingi mwisho wake ni kilo 5, pima kilo 15 kwa awamu tatu. Kuijaribu ni rahisi, weka jagi, rudisha sifuri, mimina lita moja ya maji uliyoipima vizuri, ikiandika kati ya 990 na 1,010 endelea kupika. Ile ya dukani au sokoni angalia sifuri kabla mchele haujawekwa, na angalia kama ina alama ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo.

Jumapili baada ya ibada mdogo wangu alikuja nyumbani, tukakaa uwani na mizani yangu na vyombo vyake vyote. Kisado chake flati kilo 3 na gramu 180, kikombe chake cha bati gramu 240, ile ndoo kilo 15 na nusu maana imeshabonyea ubavuni. Ameandika namba kwa makapeni ubavuni mwa kila chombo. Shughuli yake inayofuata iko Igawilo, watu 120, kilo 15, kwahiyo visado vinne flati na vikombe tisa na nusu vya bati, maji lita 27 supu ikiwemo, na mchele ameshaununua, wa mwaka jana.